Uzi: Nyinyi mnaopenda kusoma, vitabu vimewaongezea imani ama vimewapunguzia?

#1 DukaLaDawa_Umoja
Habari zenu wanajamvi. Jumapili mchungaji wetu alihubiri kutoka Mhubiri 12, pale anaposema hakuna mwisho wa kutunga vitabu vingi na kusoma sana huuchosha mwili. Akasema Mkristo wa Nairobi siku hizi amejaza kichwa akaacha moyo mtupu, na mtu wa vitabu ni mgumu kuokoka, na akiokoka ni mgumu kuongozwa. Kanisa lote likasema amina. Mimi nilinyamaza.

Nimekua nikisoma kila kitu, hadi gazeti lenye nyama ilifungwa nalo nilikuwa nalikunjua nisome kabla mathe alitupe. Saa hii nauza dawa na siku yangu yote ni kusoma, karatasi ya ndani ya pakiti, mwandiko wa daktari, jioni kwa matatu ni riwaya, usiku Biblia. Na naona venye imenibadilisha. Siwezi weka sahihi kwa karatasi sijaisoma mpaka mwisho hata ya chama, wenzangu wanakasirika. Mtu akinikosea kabla nimjibu kichwa kinaanza kujiuliza huyu alikotoka leo kulikuwaje. Na kwa maombi nimekuwa wa kunyamaza, zile za kupaza sauti nafanya na wengine lakini nikiwa peke yangu nachukua zaburi moja nakaa nayo. Sasa kuna wenye wanasema nimepoa kiroho. Na ni kweli mhubiri akitaja mstari mkono wangu unaenda kufungua nione kama umeandikwa hivyo.

Nauliza kwa moyo safi, huku ni kukua ama ni kupoa? Wenye wamepitia hii waniambie, wa dini yoyote.

#2 Makanga_Mstaafu
Sister hapo kwa "mgumu kuongozwa" mchungaji amesema kweli 😄 mwenye anasoma katiba ya chama mpaka ukurasa wa mwisho ndiye mweka hazina huogopa. Nafuata uzi.

#3 Mwalimu_Mzee_Kaloleni
Binti yangu, hiyo aya ya 12 ipo kweli. Lakini panda juu kidogo, aya ya 9 na ya 10 za sura hiyo hiyo. Zinasema Mhubiri aliwafundisha watu maarifa, akatafakari, akachunguza, akatunga mithali nyingi, akatafuta maneno ya kupendeza yaliyoandikwa kwa adili. Huyu anayesema vitabu havina mwisho ndiye aliyekesha akiandika kimoja. Alisema kusoma kunachosha, na mimi niliyesahihisha madaftari maisha yangu yote ya kazi nakubali kunachosha. Kukataza hakukataza.

Tena fungua Danieli 9. Anasema kwa kuvisoma vitabu alifahamu hesabu ya miaka aliyotabiriwa Yeremia, miaka 70 ya Yerusalemu kuwa ukiwa. Alipokwisha kufahamu akafanya nini? Akamwelekea Mungu kwa maombi, kwa kufunga, kwa nguo za magunia na majivu. Ni kitabu kilichompigisha magoti. Na Paulo akiwa gerezani, anajua mwisho wake umekaribia, anamwomba Timotheo amletee lile joho aliloacha kwa Karpo huko Troa, na vile vitabu, hasa vya ngozi. Wakati wa baridi unaingia, mtu anangoja kifo, na anaagiza nguo na vitabu. Nikifika hapo huwa sipiti haraka.

Na tusisahau tulikotoka. Misheni za kwanza huku kwetu, Thogoto, Kijabe na kwingineko, kujifunza kusoma na kujiandaa kwa ubatizo vilikwenda pamoja. Wazee wetu wengi waliingia imani kupitia herufi. Leo nikisikia herufi zinaua imani nashangaa sana.

#4 Shaddy_K
Mwalimu heshima yako lakini mimi nasimama na mchungaji. Kakangu mkubwa alikuwa kiongozi wa vijana, anapiga kinanda kanisani. Alipoingia kampasi akaanza kusoma, kwanza historia ya kanisa, halafu falsafa, halafu mambo ya intaneti usiku kucha mpaka macho mekundu. Akaacha kanisa, akaacha hata kuombea chakula nyumbani, mathe analia. Hakuna mtu alimkosea, ni vitabu tu. So nikisikia mtu anasema kusoma kunakuza imani mimi najiuliza imani ya nani. Hata Agripa alimwambia Paulo kusoma kwingi kumemgeuza akili.

#5 Msomi_wa_Donholm
Shaddy, ni Festo alisema hayo, si Agripa. Matendo 26:24. Agripa alikuwa ameketi hapo anasikiliza, yeye maneno yake yanakuja aya ya 28. Na Paulo alijibu nini? Kwamba hana wazimu, ananena maneno ya kweli na ya akili kamili. Kwa hivyo huo mstari haukusaidii vile unataka. Lakini pole kwa mambo ya kakako, kuona mathe akilia ni kitu kizito.

@DukaLaDawa ile ya mkono kwenda kufungua mstari, soma Matendo 17:11, watu wa Beroya. Walikuwa wanachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo, na mwenye walikuwa wanamchunguza ni Paulo mwenyewe. Wakaitwa waungwana. Hakuna mahali imeandikwa walipoa.

#6 Ummu_Salma_SouthC
Assalaam aleikum, na wasio Waislamu habari zenu. Umesema dini yoyote basi naingia.

Kwetu sisi neno la kwanza alilopewa Mtume (s.a.w.) pale pangoni Hira ni kuamrishwa asome, mwanzo wa sura ya 96, na papo hapo inatajwa kalamu. Na imesimuliwa kwamba baada ya vita vya Badr, mateka waliojua kuandika na hawana mali ya kujikomboa, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi. Hawa ni watu waliokuja kupigana na Waislamu, tena wakakaa na watoto wa Waislamu wakawasomesha. Kila nikimuona mtu anaogopa kitabu kwa kuwa aliyekiandika si wa dini yake, mimi huwakumbuka wale mateka.

Lakini kaka Shaddy sitaki kujifanya hatari haipo. Imam Ghazali alikuwa mwalimu mkubwa wa madrasa ya Nidhamiya huko Baghdad, amesoma fiqhi, yaani sheria za dini, amesoma falsafa mpaka akaandika kuijibu. Mwaka 1095 ulimi ukamkatalia kabisa, hawezi kusomesha, hata chakula hakipiti. Akaacha cheo, akatoka Baghdad, akakaa zaidi ya miaka 10 katika ibada na safari, Sham (Syria), Makka, kwao Tus, ndipo akarudi kusomesha Nishapur. Kusoma kulimfikisha mahali ambapo kusoma peke yake hakukutosha. Na katika miaka hiyo hiyo ndipo alipoandika kile kitabu chake kikubwa kuliko vyote. Huyo nduguyo mpe muda, huenda angali njiani.

#7 Shaddy_K
Asante Ummu Salma. Hio ya kumpa muda ni mara ya kwanza naambiwa. Sisi tuliambiwa tusikae naye sana asituambukize.

#8 Nesi_Nightshift
Mimi nimesoma hizi komenti zote na naona mnapiga kando ya kitu. Mnauliza vitabu vinasema nini, vinaleta shaka ama havileti. Mimi nadhani kinachobadilisha mtu si yale yameandikwa, ni kule kukaa. Mtu mwenye anaweza kaa na kitabu lisaa limoja bila kugusa simu ana kitu mwili wake umejifunza, na hicho kitu ndicho unahitaji ukiomba, na ndicho unahitaji ukikaa na mgonjwa. Wodini usiku kuna wagonjwa hawataki dawa, wanataka mtu akae hapo tu asiangalie saa. Wenzangu wengine hawawezi, si ati ni wabaya, hawawezi tu, dakika mbili ashaanza kuhangaika. Mimi najua kabisa nilijifunza hio kwa riwaya, tangu nikiwa darasa la sita nasoma chini ya meza.

So @DukaLaDawa watu wanasema umepoa kwa sababu umetulia. Wanachanganya hizo vitu mbili. Maombi ya sauti mimi pia nayapenda, lakini kuna ile ya kungoja, na hio haifundishwi na spika kubwa.

#9 Makanga_Mstaafu
Nesi umeongea. Lakini ongeza hapo: mtu wa vitabu anaweza kaa lisaa na kitabu na hawezi kaa dakika kumi na mke wake akimweleza mambo ya landilodi. Nimeona hao. Kukaa na karatasi na kukaa na mtu ni vitu tofauti, karatasi haikujibu.

#10 Nesi_Nightshift
@Makanga hio ni kweli na sitaikataa. Niko na mjomba wa hivyo hivyo. Lakini pia kuna watu hawasomi chochote na bado hawasikilizi wake zao.

#11 Baba_Mapacha_Githurai
Wacha niwaambie, nyote mnaongea kama kusoma ni suala la moyo. Ni suala la doo na nafasi. Mimi naishi bedsita na watoto wawili mapacha, taa ni moja, mmoja akilala taa inazimwa. Kitabu kipya cha mtoto ni karibu bei ya unga wa wiki. Serikali ikaweka kodi ya asilimia 16 kwa vitabu. Halafu mtu anakuja kunihubiria ati nyumba haina vitabu haina baraka. Wale mnawaona "wasomaji wa imani iliyokomaa" ni watu wako na kiti, taa na saa moja ya kupumzika. Hio utulivu Nesi anasema imetoka hapo, si kwa kitabu. Hata hio maktaba kubwa ya katikati ya jiji, McMillan, mwafrika hakuingia mpaka 1963 tulipopata uhuru. Kusoma kumekuwa kwa wenye nafasi tangu zamani.

#12 Mwalimu_Mzee_Kaloleni
Baba Mapacha, hoja yako ina uzito na sitaki kuipunguza. Niweke sawa tarehe tu. McMillan ilifunguliwa 1931 kwa Wazungu pekee, na ilifunguliwa kwa watu wote Baraza la Jiji lilipoichukua, kabla ya uhuru. Kodi nayo ilikuja na sheria ya VAT ya 2013, kabla ya hapo vitabu havikutozwa.

Lakini nafasi inaweza kutafutwa. McMillan ina matawi mawili Eastlands, moja hapa kwetu Kaloleni na lingine Makadara. Yalikuwa yamechakaa, shirika la Book Bunk pamoja na kaunti wakayatengeneza, sasa watoto wanaingia wanakaa chini wanasoma. Wengi wanatoka nyumba za chumba kimoja kama yako, na taa pale si moja. Walete mapacha Jumamosi.

#13 Baba_Mapacha_Githurai
Asante Mwalimu. Kutoka Githurai mpaka Kaloleni na watoto wawili ni nauli ya kwenda na kurudi, matatu mbili. Lakini nimeskia.

#14 Wa_Inama
Kwa bei, wadau, msisahau inama. Pale Tom Mboya na hizo njia za kando, unainama kwa karatasi ya nailoni unachagua. Vitabu vya mia, vya hamsini jioni muuzaji akitaka kufunga. Mimi nimejenga kabati yangu yote hapo. Na wauzaji wenyewe wanasoma, kuna mmoja ukimuuliza kitabu anakwambia mwisho wake ni mbaya usinunue hiki chukua kile.

#15 Msomi_wa_Donholm
😄 Mimi kwa sababu ya kitabu cha inama nilipita stage yangu nikashtuka niko Komarock. Konda alinirudishia mwenyewe na gari ikirudi tao, hakunitoza, akaniuliza hio kitabu inasema nini.

#16 Makanga_Mstaafu
Tulikuwa tunawajua hao abiria. Hawapigi kelele, hawagombani na chenji, wanapita stage tu.

#17 Mkatoliki_wa_Jumuiya
Tumsifu Yesu Kristu. Narudi kwa swali. Nataka kupinga kitu kimoja ambacho naona kila mtu amekipitisha, kwamba kuna vitabu vya imani na vitabu vingine. Mtakatifu Augustino, mtoto wa Afrika, Thagaste, leo ni Algeria, alizaliwa 354. Akiwa na miaka 19 anasoma Carthage alikutana na kitabu cha Cicero, mpagani wa Roma, kinachosifu hekima. Yeye mwenyewe ameandika kwamba kitabu hicho kiligeuza maombi yake kuelekea kwa Mungu. Kitabu cha mpagani! Na wakati huo alipojaribu Maandiko Matakatifu yenyewe aliyaona hayana utamu wa lugha akayaweka kando. Ilimchukua mpaka 386, yuko kwa bustani Milano analia, akasikia sauti ya mtoto ikisema chukua usome, akafungua barua kwa Warumi. Lakini mlango wa kwanza ulikuwa Cicero.

Kwa hivyo dada wa duka la dawa, ile riwaya yako ya matatu usiiwekee mpaka na Biblia yako. Huwezi jua ni gani inafanya kazi kwa nyingine. Mimi nilielewa msamaha kwa riwaya ya shule, setbook ya fomu 4, kabla sijauelewa kwa homilia yoyote, na nimekuwa Misa kila Jumapili tangu mtoto.

Shaddy, hesabu miaka hapo. Kutoka akiwa na miaka 19 mpaka akiwa na 31 hivi, na mamake Monika akilia njia yote.

#18 Shaddy_K
Nimehesabu. Nitamwonyesha mathe hii.

#19 SinaDiniTena
Nimesita kuandika lakini huu uzi una adabu kwa hivyo naandika. Mimi ni yule kakake Shaddy, si yeye hasa, lakini hadithi ni hio hio. Nilisoma nikatoka. Na nataka kusema kitu kimoja kwa heshima: sisi wenye tumetoka hatuko wote njiani kurudi. Mnaposema "mpe muda" nasikia upendo na naupokea, lakini pia mnasema safari yake ina mwisho mmoja tu.

Kusoma kumenifanya nini? Nilikuwa mkali sana nikiwa nimeokoka, nilikuwa nahukumu kila mtu kwa ploti. Kusoma maisha ya watu wengi hivyo, wa nchi nyingine, wa wakati mwingine, kulinitoa huo ukali. Sasa naweza kukaa na mama yangu akiomba, namshika mkono, sisemi kitu. Zamani ningemsahihisha anavyoomba. Sijui mnaita hio nini. Mimi siiti imani lakini najua imetoka kwa vitabu.

#20 Ummu_Salma_SouthC
Ndugu yangu, umeniambia kitu. Sitokujibu kwa haraka. Nakushukuru kwa kuwa umeandika.

#21 Msomi_wa_Donholm
@SinaDiniTena asante kwa ukweli wako. Mimi nitauliza tu, ulipokuwa unasoma, ulikuwa unasoma na nani? Kwa sababu naona hata wale wa Beroya walikuwa kwa sinagogi, pamoja. Towashi wa Kushi kwa Matendo 8 alikuwa garini anasoma Isaya peke yake, Filipo akamuuliza kama anaelewa, akasema nitaelewaje mtu asiponiongoza, akamwambia apande waketi pamoja. Mimi maoni yangu ni hayo, kitabu hakimtoi mtu, upweke ndio humtoa. Kakake Shaddy alisoma usiku peke yake na kanisa likajibu kwa kumwongezea upweke.

#22 SinaDiniTena
Nilisoma na watu. Tulikuwa watano, wawili ni wachungaji saa hii. Vitabu vilikuwa vile vile.

#23 Msomi_wa_Donholm
Hapo umenipatia kazi ya kufikiria. Bado naamini upweke unachangia, lakini hio ya vitabu vile vile watu watano sina jibu lake leo.

#24 Nyanya_ni_Mwalimu (Kariobangi)
Wote mmesahau watu wenye hawajui kusoma. Shosho yangu hajawahi shika kalamu, anaweka kidole kwa karatasi ya benki. Anajua zaburi nyingi kwa kichwa kuliko huyu mchungaji wa #1 na kuliko mimi mwenye niko na digrii. Alizisikia kwa ibada, kwa redio, kwa sisi wajukuu tukimsomea. Sasa kama kupenda kusoma ndio hukuza imani, shosho aliitoa wapi? Kama kusoma ndio huharibu, mbona mimi mwenye nilimsomea sijaharibika? Nadhani ni neno ndio linafanya kazi, likiingia kwa jicho ama kwa sikio ni sawa. Saa hii nimemwekea Biblia ya kusikiliza kwa simu, anaiita "huyo mtu wa ndani".

#25 Nesi_Nightshift
Huyo mtu wa ndani ❤️ Lakini kusikiliza kwa simu ukifua nguo si kusoma. Sauti inaenda na mwendo wake, wewe huwezi simama ukarudi sentensi moja mara tatu. Hapo ndipo kazi hufanyika, pale kwa kurudi.

#26 Nyanya_ni_Mwalimu (Kariobangi)
Soma Nehemia 8. Ezra alisimama kwa jukwaa la mti mbele ya lango la maji akasoma tangu alfajiri mpaka adhuhuri, wanaume, wanawake na wote wenye wangeweza kuelewa wakisikiliza, na Walawi wakiwaelewesha maana. Watu wakalia. Wengi wao hawakuwa na kitabu mkononi. Uniambie hio haikuwa kazi.

#27 Mwalimu_Mzee_Kaloleni
Nyanya ni Mwalimu ana hoja kubwa. Kwa karne nyingi watu wengi wa imani walikuwa wasikilizaji, na aliyesoma alisoma kwa sauti. Augustino huyo huyo aliyetajwa na ndugu Mkatoliki anaeleza alivyostaajabu kumwona Askofu Ambrosi akisoma kimya, macho yanapita kurasani na ulimi umetulia. Lakini Nesi naye ana lake. Anayesikia humtegemea msomaji amchagulie. Mimi nimekaa kanisani mahali ambapo mistari fulani haikusomwa kamwe, niliikuta mwenyewe nyumbani.

#28 Ummu_Salma_SouthC
Hapo Mwalimu amenigusa. Mimi nilikhitimu msahafu nikiwa mtoto Mombasa, nausoma vizuri, sauti nzuri, na sikuelewa neno. Baba alikuwa na ile tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, iliyochapishwa hapa hapa Nairobi 1969. Nikaanza kuisoma nikiwa nimeshaolewa, mume kazini, watoto wamelala. Wallahi sala yangu ilibadilika. Hata biashara yangu ya vitambaa ilibadilika kwa sababu nilifika sura ya 83, wale wanaopunja vipimo, wakijipimia hutaka kamili na wakiwapimia wengine hupunguza. Aya nilikuwa nazisoma kwa sauti tangu utotoni! Siku ile nilipima upya vitambaa vyote dukani. Kwa hivyo sikio lina baraka zake, na kukariri kuna thawabu zake, lakini mimi maisha yangu ya kila siku yaliguswa nilipofahamu.

#29 DukaLaDawa_Umoja
Nimesoma zote jamani, zingine mara mbili, asanteni. Nilimwendea mchungaji na Mhubiri 12 aya ya 9. Tulisoma pamoja kwa ofisi yake. Hakusema nimekosea wala hakusema amekosea, aliniambia anaogopa watu wa mtandao wanaokuja na video za nusu saa wakidhani wamesoma. Akaniuliza kama naweza kuanzisha kikundi cha kusoma Alhamisi. Mimi sijui kama nataka kuongoza watu. Na ile ya #9 kuhusu kukaa na karatasi na kukaa na mtu imenisumbua, niko na dada yangu sijampigia simu muda.

#30 Shaddy_K
Anzisha. Lakini usiitishe fomu ya kuingia, kakangu hawezi kuja mahali anajaza kama ameokoka ama la.

#31 Soja_wa_Kilimani
Habari zenu nyote. Mimi ni mgeni hapa, huwa nasoma tu. Nalinda geti ya gorofa. Usiku kuanzia saa sita hakuna gari, nasoma kwa taa ya geti. Wapangaji wakihama wanatupa vitabu, mimi naokota, nimesoma mambo ya uhasibu, ya kupika, ya vita, riwaya nyingi za kizungu ambazo nusu sielewi nairudia mpaka nielewe. Kabla ya hapo usiku nilikuwa nakunywa ili masaa yaende. Sijui kama ni Mungu aliniachisha ama ni vitabu, mke wangu anasema ni Mungu, mimi nasema Mungu alitumia vile vilikuwa karibu.

Swali langu ni hili. Kuna mpangaji Msabato amenipa kitabu chao cha mafundisho kuhusu siku ya Sabato, mimi ni wa kanisa lingine la Jumapili. Mzee wa kanisa akakiona akaniambia nirudishe. Nimefika katikati. Nimalize ama nirudishe?

#32 Msomi_wa_Donholm
Maliza, halafu mwambie mzee wa kanisa akusomee upande wake na mistari. Karibu jamvini kaka.

#33 Mkatoliki_wa_Jumuiya
Maliza. Ila kitabu si chako, mrudishie mwenyewe ukimaliza na umshukuru.

#34 Baba_Mapacha_Githurai
Mimi nasema rudisha kwanza ukae vizuri na mzee wako, kanisa ndilo litakuzika, kitabu unaweza kukiomba tena. Watu wa hapa wanakuambia maliza na hawajui ukigombana na mzee wa kanisa mtaani mke wako atakaa na nani kwa kikundi cha akina mama.

#35 Mwalimu_Mzee_Kaloleni
Baba Mapacha anasema jambo la kweli na sisi wa vitabu hulisahau upesi. Kijana wangu, kama mzee huyo ni mtu wa kuongea naye, kipeleke wewe mwenyewe kabla hujakimaliza, umwambie umefika ukurasa gani na ni nini hukuelewa. Akikataa kukifungua, hapo utaamua. Na hizo riwaya za kizungu unazorudia, nitumie inbox majina ya zile ulizosoma, nina nyingine nimemaliza nazo na zinakaa tu hapa, nitazipitisha getini kwako.

#36 Soja_wa_Kilimani
Asante sana Mwalimu. Nimetuma. Niko zamu ya usiku mpaka Ijumaa, uje kabla ya saa tatu geti likiwa bado wazi.

#37 Shaddy_K
Mwalimu kama kuna kimoja cha falsafa nitakichukua mimi nimpelekee kakangu. Nataka nikisome kwanza.